Mshono wa Nje

Mtaani walimwita Mama Popo. Kazini walimwita Fundi. Yeye aliitika yote mawili bila kununa, kwa sababu, alivyosema, jina ni mzigo wa anayeliita. Kazi ya mwenye kuitwa ni kugeuza shingo tu.

La Fundi ndilo lililotangulia. Kabla hajamjua popo zaidi ya kumwona akikatiza angani jioni, alikuwa na cherehani kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya umeme, akishona sare za shule. Sketi za marinda, kaptura zinazochanika matakoni kabla muhula haujaisha, mashati yenye kola za kutafunwa. Aliijua kazi hiyo kiasi cha kuweza kuifanya huku akigombana na mteja, na mara nyingi alifanya hivyo. Mumewe alikwishafariki, mwanawe wa pekee alikuwa bado anasoma, na cherehani ndiyo iliyokuwa baba wa nyumba.

Siku moja akasimama mbele yake mwanamume mrefu mwenye kitambi kidogo, ameshika mfuko wa kitambaa wenye ukubwa wa foronya ya mtoto. Akauliza kama fundi anaweza kushona mingine kama huo, mingi, ila kwa sharti moja: mshono ubaki nje.

"Yaani nisiugeuze?"

"Usiugeuze. Ndani pawe laini kabisa, pasiwe na hata uzi mmoja."

"Watu watasema fundi alilala kazini."

"Atakayekaa ndani hatakusema," alijibu yule mwanamume.

Alikuwa daktari wa mifugo aliyeachana na ng'ombe akahamia kwa popo. Alimweleza pale pale kibarazani, huku wazazi waliokuja kufuata sare wakisikiliza midomo wazi. Popo wa porini hubeba virusi vya aina nyingi, na vingi havimsumbui yeye mwenyewe. Baadhi vinaweza siku moja kuvuka na kumwingia mtu. Daktari na wenzake walitaka kuvijua kabla havijavuka, na ili kuvijua lazima wamkamate popo, wamchukue mate na damu kidogo, kisha wamwachie aende zake. Akisubiri zamu yake ya kupimwa, kila popo hukaa kwenye mfuko wake. Ukiacha nyuzi ndani, kucha zake zinanasa, naye akihangaika bawa linavunjika, maana mifupa ya bawa la popo ni myembamba kama njiti za kiberiti. Tena uchafu hujificha kwenye mshono, na uchafu wa popo mmoja hautakiwi kumfikia mwingine.

Fundi akashona. Mazoea yana taabu, na mwanzoni mkono ulikuwa ukigeuza mfuko kabla kichwa hakijakataa. Baadaye mkono nao ukaelewa. Mifuko ilipoanza kurudi kwake imechanika midomoni, alitaka kuona wanaichanaje, akaomba kupanda gari lao. Alipanda siku moja, na huo ukawa mwisho wa sare. Kumtoa popo kwenye wavu ni kazi ya kufumua: uzi upi umepita juu, upi umepita chini, uanze na upi, na usivute hata ukichoka. Kazi hiyo alikuwa ameifanya maisha yake yote, isipokuwa nyuzi za cherehani hazina meno. Daktari alimtazama akimfumua popo wa kwanza kwa utulivu wa mtu anayetoa kifungo kwenye koti, akamuuliza kama angependa kuajiriwa. Akasema angependa, mradi cherehani yake ije naye.

Basi kukawa hivyo kwa miaka. Cherehani iliwekwa kwenye chumba cha nyuma cha maabara, kati ya friji la sampuli na kabati la glavu. Msimu hadi msimu walirudi kwenye miti ile ile, kuona ni wakati gani virusi huongezeka na wakati gani hupungua: popo wakiwa na watoto, matunda yakiadimika, mvua ikichelewa. Walifika kabla ya mapambazuko, popo wakirudi malishoni, wakatandaza nyavu. Kukipambazuka, popo mmoja mmoja alitolewa mfukoni, akapimwa uzito, akapimwa bawa, akapanguswa kinywa kwa kijiti cha pamba, akatolewa tone la damu, akapewa maji ya tunda kwa bomba la sindano kama pole, akaachiwa. Mifuko ilirudi, ikalowekwa dawa, ikachemshwa, ikaanikwa.

Hakuwapenda popo, hakuwachukia. Alisema wana sura ya mtu aliyeamshwa mapema kwa habari isiyomhusu. Watu wengi walimwuliza kama haogopi. Alijibu kwamba woga una kazi yake na glavu zina yake, na ukizivaa glavu vizuri, woga unaweza kukaa nyumbani.

Tatizo ni kwamba woga ulikaa nyumbani kweli, ila nyumbani kwa mwanawe.

Mwanawe alikua akawa kinyozi, na mkewe alikuwa muuzaji katika duka la dawa, mwanamke mwembamba, mwenye adabu, aliyejua majina ya magonjwa hata yale yasiyokuwa na dawa dukani kwake. Walipata mtoto wa kike aliyekuja kabla ya siku zake. Akakaa hospitalini kwenye kile kisanduku cha joto, mdogo hata unaogopa kumpumulia. Mama yake alikaa kando ya kile kisanduku usiku na mchana, na alipomleta mtoto nyumbani alikuwa amekwisha kuamua ni nani atamshika na nani hatamshika.

Alimwambia mama mkwe wake ana kwa ana, jikoni, bila kutuma mtu.

"Mama, nakuheshimu sana. Lakini mtoto huyu hutamshika mpaka amalize chanjo za mwanzo."

"Mwanangu, mimi naoga kazini. Nguo nabadilisha kazini. Viatu vyenyewe vinalala huko."

"Najua, Mama."

"Barakoa navaa, glavu navaa mbili mbili. Nimechanjwa hata kichaa cha mbwa, mimi na mbwa nani afadhali?"

"Najua," akasema mkamwana, bila kucheka. "Na bado."

Hilo "na bado" lilimchoma kuliko tusi. Tusi angelijibu. Akaenda zake, akamlaumu mkamwana njia nzima, na alipofika kwake akakiri kimoyomoyo kwamba yeye mwenyewe, mtoto wake angekuwa wa kisanduku, angeweka hata komeo. Kila Jumapili alikwenda kusimama mlangoni pa chumba na kumtazama mjukuu kwa mbali, mikono ameiweka nyuma kama mtoto aliyeonywa asiguse vitu vya dukani. Mtoto alikuwa na ngozi nyepesi iliyotoka vipele kwa kila kitu, akilia nguo ikimgusa shingoni. Bibi aliona vile vipele kutoka mlangoni, akajua dawa ya kienyeji na ya dukani, akanyamaza.

Kinyozi hajinyoi. Mwanawe, aliyesuluhisha ugomvi wa wateja wake kutwa nzima huku mashine ikinguruma, hakuweza kuusuluhisha huu. Aliposimama kati ya mama na mke alikuwa akitazama dari. Tena wateja wenyewe walimwuliza, "Mama yako bado anafuga popo?" naye akawainamisha kichwa kwa mkono, kidogo kwa nguvu, akaendelea kunyoa.

Ndipo ikaja Alhamisi moja, kinyozi akafika kwa mama yake jioni, funguo za pikipiki mkononi, uso umechangamka.

"Chanjo zimekwisha, Mama. Mwenzangu anasema Jumapili uje umshike."

"Amesema yeye, au umemsemea?"

"Amesema yeye. Amesema hivi: 'Mwambie Mama Jumapili aje amshike mtoto.'"

Fundi alifurahi. Hakuna njia nyingine ya kulisema hilo: alifurahi mpaka akakaa chini, akasimama, akakaa tena. Kisha akakumbuka kwamba alikuwa na kitambaa, pamba laini kama ute, alichokinunua siku mtoto alipozaliwa na ambacho hakuwahi kukikata kwa sababu ya hasira. Akamwambia mwanawe asiondoke. Atashona kishati sasa hivi, akipeleke, ili Jumapili akimshika mjukuu amshike ndani ya shati lake.

Hapo kwenye cherehani yake ya pili, aliyoinunua baadaye akaiweka nyumbani, palikuwa na kazi nyingine. Kesho yake asubuhi ilikuwa siku ya kwenda mtini, na mifuko kadhaa mipya ilikuwa bado haijamalizwa. Angeweza kuanza na kimoja akamaliza ndipo akashika kingine. Hakufanya hivyo. Alishona kishati, akakiacha akipinda mdomo wa mfuko, akarudi kwenye kishati, huku taa ikififia na kuwaka, na mwanawe akisimulia habari za mteja aliyetaka anyolewe mtindo usiolingana na kichwa alichopewa. Mama alicheka, akaupitisha uzi, akacheka tena. Mwanawe alipoanza kuchezesha funguo, alikunja kishati haraka, akakitia kwenye bahasha ya khaki, akampa. Desturi yake ilikuwa kutia mkono ndani ya kila mfuko mpya na kupapasa pembe zote. Jioni ile hakupapasa kitu.

Mahali pa kazi asubuhi ile palikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa, penye mikaratusi mirefu iliyojaa popo wa matunda. Walikuwa watatu: Daktari, yeye, na Dereva, ambaye pamoja na kuendesha gari alikunja nyavu na kulalamika. Jua lilikuwa limeshachomoza. Popo walikuwa wananing'inia mifukoni kwenye kamba, kila mmoja na mfuko wake, na meza ya kukunja ilikuwa imejaa vichupa.

Fundi alichukua mfuko, akafungua mdomo, akaingiza mkono wenye glavu ya ngozi. Popo hakutoka. Akavuta kidogo, popo akapiga kelele. Akachungulia. Ukucha wa kidole gumba cha bawa, ule kama ndoano, ulikuwa umenasa kwenye pembe, umezungukwa na uzi. Uzi huo haukupaswa kuwapo.

Kanuni ilikuwa ya kila mtu, tena yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni: glavu ya ngozi haivuliwi popo akiwa mkononi. Lakini glavu ya ngozi ni nene, haiwezi kushika uzi. Na bawa lilikuwa limejipinda vibaya, akihangaika mara mbili tatu litavunjika, kwa uzi wa Fundi mwenyewe, kwa mfuko wake. Akaivua ya mkono wa kulia. Akabaki na ile nyembamba ya mpira. Akashika uzi kwa kucha, akafumua kitanzi kimoja, akafumua cha pili, ukucha ukatoka, na popo, ambaye hakuwa na njia ya kujua kwamba anasaidiwa, akageuza kichwa akamng'ata kidole cha shahada.

Haikuuma sana. Alimrudisha popo mfukoni, akaufunga, akaitazama glavu. Kulikuwa na kitundu kidogo na ndani yake tone moja la damu linalotanda chini ya mpira.

Daktari alikuwa amempa mgongo, akiandika kwenye vichupa. Dereva alikuwa mbali, anabishana na wavu. Hakuna aliyeona.

Alisimama pale. Alijua utaratibu neno kwa neno: ukitobolewa ngozi unasema hapo hapo, unaosha kwa sabuni robo saa, unachanjwa tena, unakaa peke yako kwenye chumba cha karantini cha maabara wiki tatu nzima, unapimwa joto asubuhi na jioni. Wiki tatu. Jumapili ilikuwa keshokutwa. Na hata wiki tatu zikiisha, mkamwana atakuwa amepata ushahidi aliokuwa akiutafuta. Mlango ule utafungwa, na safari hii hata yeye mwenyewe hatakuwa na la kusema. Alijua pia kwamba popo wengi hawana lolote la kumdhuru mtu. Alijua ana chanjo. Angeweza kuosha kidole kwa siri, akavaa glavu nyingine, akasema amechomwa na waya. Fundi kuchomwa ni habari gani?

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Methali hiyo alikuwa ameitumia kwa wengine mara nyingi, kwa sauti kubwa, na sasa ilimjia kwa sauti ndogo na hakuipenda. Lakini si methali iliyomfanya aseme. Akiwa amesimama pale alijaribu kumshika mjukuu, kichwani mwake, Jumapili. Akamweka begani, kidole kikawa shingoni kwenye vile vipele. Akamlaza mapajani, kidole kikawa chini ya kichwa. Akambadilisha mkono. Kila alivyomshika, kidole kile kilimgusa mahali. Hakukuwa na namna ya kumbeba mtoto bila kidole hicho.

"Daktari," akasema, "nimeng'atwa."

Daktari hakumgombeza. Aliweka kalamu chini, akammiminia maji kutoka kwenye dumu, akakaza macho kwenye saa yake huku yeye akisugua kidole kwa sabuni, na muda wote huo hakumwuliza kwa nini glavu ya ngozi iko mezani. Hilo lilimtia aibu zaidi. Popo yule alipimwa kama wengine, vichupa vyake vikafungwa utepe mwekundu ili vitangulie maabara, akapewa maji yake ya tunda, akaruka bila hata kuaga.

Dereva ndiye aliyeugeuza mfuko. Akaufyatua, akautazama ndani na nje.

"Fundi, huu mshono umeuweka ndani."

"Lete hapa."

Aliushika kwa mkono usio na jeraha. Ulikuwa umegeuzwa vizuri, ukapindwa vizuri, kama nguo ya mtu. Akaanza kuhesabu nyuma: mfuko, kishati, mfuko, kishati. Kama mfuko umegeuzwa kama shati, basi shati je? Akakiona kishati kama alivyokikunja, na sasa tu akaona alichokikunja: mishono yote nje, mbavuni, mabegani, na vifungo vyake vimeshonewa upande huo huo, hata ukikigeuza vinamwelekea mtoto kifuani. Jicho lake lilikuwa limezoea miaka mingi kuona mshono nje na kuita hiyo ni sawa, wala halikushtuka. Mikono ilikuwa imebadilishana kazi.

"Jamani," akasema. "Nimemshonea mjukuu wangu mfuko wa popo."

Dereva alianza kucheka, akauona uso wake, akageuka kukunja wavu uliokwisha kukunjwa.

Chumba cha karantini kilikuwa na kitanda, meza, bafu, na dirisha la kioo lisilofunguka linalotazama maegesho ya magari. Chakula kiliachwa mlangoni. Jambo la kwanza alilofanya ni kupiga simu. Mwanawe alitaka kumwambia mkewe yeye, taratibu, akipata nafasi nzuri. Mama akakataa. Nafasi nzuri za mwanawe alizijua, zilikuwa hazifiki.

"Shikamoo, Mama," akasema mkamwana. Nyuma yake mtoto alikuwa anaguna.

"Marahaba. Mwanangu, Jumapili sitakuja. Popo amening'ata. Nimewekwa peke yangu wiki tatu, na baada ya hapo utaamua wewe."

Mkamwana alimhamishia mtoto bega la pili. Mtoto aliguna, akanyamaza.

"Nani alimwona akikung'ata?"

"Hakuna aliyeona."

"Sasa wamejuaje?"

"Nimewaambia."

Alisikika akimlaza mtoto.

"Haya, Mama. Asante kwa kunipigia." Simu ikakatika.

Habari ya kishati hakuthubutu kuitaja. Alikaa kitandani, simu mapajani, akalia kidogo, hasa kwa hasira ya kujijua. Miaka yote ile meno ya popo yalikuwa yamemkosa, na aliyeyafungulia mlango ni yeye, kwa mkono wake mwenyewe, kwa furaha ya shati.

Siku zilipita kama zipitavyo kwa mtu asiye na cherehani. Kinyozi alikuja dirishani kila jioni, wakaongea kwa simu huku wanatazamana kwa kioo.

"Shati lilifika?"

"Lilifika."

"Mwenzako alisema nini?"

"Hajasema kitu," akajibu kinyozi, na kutazama juu, ingawa huko nje hapakuwa na dari.

Katikati ya wiki ya pili palitokea kizaazaa. Kipimajoto kilipanda. Muuguzi aliyesomewa joto kwa simu alimwita Daktari, naye akaja mbio kwenye kioo na kitambi chake, gari la wagonjwa likaambiwa likae tayari. Fundi alijipapasa paji la uso. Kisha akatazama mezani. Akapiga simu tena, kwa sauti ya chini sana, akaeleza kwamba kabla ya kuweka kipimajoto kinywani alikuwa amemaliza kikombe cha chai ya moto. Akapima upya baadaye, joto likawa la mtu mzima mwenye aibu. Dereva alipiga honi kwenye maegesho kila alipopita, na kwa ishara alimwonyesha kikombe.

Majibu ya vile vichupa vya utepe mwekundu yalifika siku chache baadaye. Daktari aliyaleta mwenyewe.

"Kipo kitu," akasema kupitia simu, uso karibu na kioo. "Kirusi kimoja. Lakini si kati ya vile tunavyoviogopa. Hiki hatujawahi kukiona kikimwingia mtu."

"Hamjawahi, au hakiwezi?"

"Hatujawahi."

"Basi namalizia siku zangu," akasema Fundi, na Daktari akatikisa kichwa kukubali, maana hata yeye hakuwa amekuja kumwambia vingine.

Zilikwisha. Damu yake ya mwisho ilirudi safi, mlango ukafunguliwa kwa upande wa nje, naye akatoka akiwa na mfuko wa nguo na ile hali ya mtu aliyetoka sinema mchana, jua limemzidi. Alitarajia kumkuta Dereva. Kwenye maegesho akakuta teksi, na kando ya teksi mwanawe anatazama juu, na kando yake mkamwana amembeba mtoto.

Fundi akasimama palepale. Mikono yenyewe ikaenda nyuma.

Mtoto alikuwa amevaa kishati. Kilikuwa kimefuliwa mara nyingi, kimepauka, mishono yote nje, nyuzi zinaning'inia mbavuni kama nguo ya mwendawazimu. Juu ya kola, shingo ya mtoto ilikuwa laini, haina kipele hata kimoja.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Hili shati ndilo pekee asilolia nalo," akasema mkamwana. "Mengine yote yanamkwaruza. Nalifua usiku namvalisha asubuhi, mpaka majirani wanauliza kama mtoto hana nguo. Nikasema bibi yake ni fundi, alijua ngozi yake ikoje hata bila kumshika. Ulifanya makusudi, eti?"

Kinyozi alimtazama mama yake kwa macho yanayosihi. Jibu lilikuwa limeshonwa tayari, kazi ilikuwa kulivaa tu.

"Hapana," akasema Fundi. "Nilikosea. Nilikuwa nashona na mifuko ya popo, nikachanganya. Na ule mfuko niliochanganya ndio uliofanya ning'atwe."

Kinyozi akafumba macho.

Mkamwana alimtazama mama mkwe wake kwa muda, kuanzia viatu mpaka kichwani. Kisha akafanya jambo alilokataa kulifanya jikoni siku ile: akacheka, kwa sauti, mpaka mtoto akashtuka.

"Nilimwambia mwanao," akasema. "Nilimwambia, subiri uone, atasema kweli." Akasogea, akamnyoosha mtoto kwa mikono miwili. "Haya, mshike. Wiki hizi nimefikiria ni nani naweza kumwachia huyu nikirudi kazini. Dada zangu wana mafua wanasema ni vumbi. Wewe siku ukiwa na kitu, utaniambia."

Fundi alitoa mikono nyuma. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyoonekana kutoka mlangoni. Alimlaza kwenye mkono wa kushoto, akaweka wa kulia juu, na kidole cha shahada, chenye kovu la jino, kikabaki hewani hakijui pa kwenda. Mtoto akakiona, akakidaka, akakikaza.

Mkamwana aliona. Alifungua mlango wa teksi, akasema, "Ingia taratibu, Mama, angalia kichwa chake."